Boliti Zilizokazwa Gurudumu Likining'inia

Valéry alikuwa na sheria moja ya gari, na alimwambia kila aliyemwomba msaada: boliti za mikono ya magurudumu, vile vyuma vinavyoyashikilia chini ya gari, hukazwa mwisho, gari likiwa limeshushwa na uzito wake wote uko juu ya matairi. Ukizikaza gurudumu likining'inia, silambloki, yaani zile bushi za mpira zilizo kwenye maungio, hujisokota mara gari linaposhuka, na mpira uliojisokota haukawii kuchanika.

Hakuwa fundi. Alikuwa karani wa serikali, ila gari lake alilitengeneza mwenyewe uani kwake, mtaa wa Mutakura, amevaa kaptula na shati kuukuu la kazini. Vipuri alinunua kwa Consolée, mwanamke aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akaweka kibanda karibu na soko. Kwake Consolée hakuwa muuzaji tu. Ndiye aliyemshika Chanelle, binti wa Valéry, siku ya ubatizo, akawa marraine wake, yaani mama wa ubatizo, na ndiye aliyetarajiwa kusimama naye kanisani siku ya harusi yake, ambayo ilikuwa inakaribia.

Harusi hiyo ndiyo iliyomfanya Valéry abadilishe bushi. Gari lilikuwa likigonga kwenye kila shimo, naye alitaka bibi harusi afike kanisani bila kelele. Essence, yaani petroli, ilikuwa haipatikani mjini, gari limelala tu, kwa hiyo muda ulikuwepo. Alilinyanyua kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akaifungua ile mikono ya magurudumu. Bushi zilizokwisha alizivuta kwa boliti ndefu na kipande cha bomba. Mpya alizipaka maji ya sabuni, zikaingia vizuri. Alikuwa ameshairudisha mikono mahali pake, boliti zikiwa bado zimelegea, simu ilipolia. Alikuwa Bonfils, jirani yake.

“Papa Chanelle, essence imefika! Kuja mbio, nimekushikia nafasi. Watu hapa wananiangalia kama mwizi.”

“Ningojee kidogo, gari iko juu.”

“We, essence haingojee mutu!”

Valéry alizikaza boliti palepale, magurudumu yakining'inia, akajiahidi kwamba akirudi atazilegeza na kuzikaza upya. Kilichobaki kwenye tangi kilimfikisha kituoni. Alirudi jioni amejaza, amechoka, amefurahi. Hakuzigusa. Kesho yake hakuzigusa pia. Baadaye ahadi yenyewe ikamtoka akilini.

Haikupita muda mrefu kugonga kukarudi, kubaya kuliko kwanza. Mtu mwadilifu angelala kwanza chini ya gari lake akatazame. Valéry alikwenda moja kwa moja kibandani kwa Consolée, ambaye alizoea kumwita Mama Olga kwa jina la mwanawe, Jumamosi, wateja wamejaa.

“Mama Olga, mpira gani huu umeniuzia? Feki tupu!”

“Papa Chanelle, bonjour kwanza,” Consolée akacheka. “Feki namna gani? Katoni ile ile nimeuzisha watu wa taxi, na hakuna aliyerudi. Lete gari tuangalie.”

“Niangalie nini? Nyinyi watu wa Uvira mnajulikana.”

Mteja mmoja alirudisha mezani kipuri alichokuwa ameshika. Mwingine akaondoka bila kununua kitu. Consolée hakucheka tena.

“Leo nimekuwa mutu wa Uvira? Kwa ubatizo nilikuwa mutu wa wapi?”

Valéry aligeuka akaenda zake. Alinunua bushi nyingine dukani, upande wa Zone Industrielle, eneo la viwanda, akalinyanyua gari upya. Alipozitoa zile za Consolée aliziona: zote zimechanika kwa mshazari, upande uleule, kama nguo iliyokamuliwa. Mpira wenyewe ulikuwa mzuri. Alikaa chini kando ya gari, spana mkononi, mpaka mkewe Spéciose akatoka jikoni kuuliza kama ameumia.

Alimweleza. Spéciose hakumpigia kelele.

“Nenda umwambie leo.”

“Nitaenda Jumapili.”

Jumapili ilipita, na nyingine ikapita. Aibu ya mtu mzima hutafuta kalenda, na kalenda haikosi siku ya kumpa. Alikwenda harusi ikiwa imebaki siku mbili, jioni, nyumbani kwa Consolée. Alipewa kiti sebuleni, akapewa fanta. Alisema yote, bila kujitetea.

Consolée alimsikiliza hadi mwisho.

“Nimekusamehe, Papa Chanelle. Ila matusi ulinitukana mbele ya wateja, na samahani umeniletea ndani ya salon, mulango umefungwa. Kesho kuja kibandani, useme vile vile ulivyosema hapa. Kisha nitavaa pagne yangu, nitaenda na mutoto wangu kanisani.”

Valéry alisema atakuja. Asubuhi alifika hadi kona ya soko. Aliwaona madereva wa taxi wameegemea meza ya Consolée, wanaongea, na miongoni mwao wawili aliokuwa amewafundisha ile sheria yake ya boliti. Alisimama kidogo, akarudi nyumbani.

Siku ya harusi gari lilikwenda kimya kabisa. Mlangoni mwa kanisa Chanelle aliuliza mara mbili, “Marraine yuko wapi?” Shangazi mmoja alisukumwa mbele akasimama mahali pale, na misa ikaanza.

Baada ya harusi hiyo Consolée alifunga kibanda akarudi kwao, na sasa anauza vipuri Uvira. Zile boliti zilimgharimu Valéry dada ambaye hakuzaliwa naye, na zilimgharimu Chanelle mama yake wa ubatizo. Kuzikaza upya kungemchukua muda mfupi kuliko kunywa chai.