Mshipa Uliolala

Katika stesheni ile abiria wachache sana walijua sura ya Mama Tangazo, lakini sauti yake waliijua hata waliosinzia kwenye mabenchi. Ilikuwa sauti iliyoshiba, na mwenyewe alilijua hilo, wala hakujifanya hajui. Aliyeachwa na treni alimlaumu dereva, akamlaumu mkewe, lakini hakuthubutu kusema kwamba hakusikia tangazo. Hata nyumbani, mwanawe wa pekee alipokuwa mdogo, alimwamsha kwa matangazo: "Abiria wa kuelekea shuleni, mnaombwa kuvaa viatu!" Mtoto alitoka kitandani akicheka.

Kisha tezi ya shingo ikavimba, ikabidi itolewe. Alipozinduka akataka kuomba maji, pakatoka pumzi tupu. Maji yenyewe alipopewa yakampalia, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Daktari wa upasuaji, mtu mpole asiyependa kumvunja mgonjwa moyo, akamwambia, "Mshipa wa sauti wa kushoto umelala, mama. Tuupe muda."

Umelala! Mama Tangazo akatoka hospitali na matumaini tele. Kama umelala, si utaamka? Akafanya kila alichoweza kuuamsha. Asubuhi alisukutua maji moto ya chumvi, akajikanda shingo kwa kitambaa, akala maini ili mshipa upate damu. Alipokuwa peke yake, na hiyo ndiyo ilikuwa hali yake tangu mumewe afariki, alisimama mbele ya kioo akaunong'oneza: "We mvivu, kumekucha." Mshipa ukauchuna.

Kazini walimhamishia stoo ya mizigo iliyosahauliwa. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Katika kibanda cha matangazo akawekwa binti aliyesoma matangazo kama anayekimbizwa, naye Mama Tangazo akawa anayasikiliza akiwa katikati ya miavuli na mabegi ya watu, akiyarekebisha kimoyomoyo. Wenzake walimpenda, ila mtu anayenong'ona hasikiki mpaka umsogelee, na stesheni haina subira hiyo. Wakaanza kumpungia mkono tu na kupita zao. Upweke ukamkaba kuliko lile kovu la shingoni.

Hayo yote aliyamudu. Kilichomuuma ni Jumapili, siku ambayo mwanawe, aliyefanya kazi ng'ambo, humpigia simu.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Sikupati kabisa. Haloo? Mtandao wa huko mbovu, mama. Nitapiga tena."

Akakata. Ikawa hivyo Jumapili hadi Jumapili, na simu zenyewe zikaanza kuruka wiki. Angeweza kumwandikia ujumbe akamweleza. Aliandika kwamba yu salama, na habari ya koo hakuigusia. Alitaka mshipa uamke kwanza, kisha ampokee kwa tangazo refu la kumchekesha. Kwa nini amtie mtoto hofu kwa kitu ambacho huenda kesho kitaamka?

Hatimaye hospitali ikampeleka kwa mtaalamu wa sauti, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeweka shingo ya plastiki mezani. Akaifungua, akapitisha kidole ndani yake.

"Ona, dada yangu. Huu si mshipa wa damu, ni wa fahamu. Unapeleka amri ya ubongo kwenye nyuzi za sauti. Tena una mambo yake huu! Unatoka kichwani, unalipita koo, unashuka mpaka kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa damu pale juu ya moyo, ndipo unapanda kurudi kooni."

"Na ukiamka, sauti itarudi ile ile?"

"Ukiamka?"

"Daktari alisema umelala."

Mtaalamu akaifunga ile shingo polepole. "Sisi hapa tukisema umelala, tuna maana umepooza. Tunasema hivyo kupunguza makali. Muda wa kupona wenyewe umeshapita. Pole sana."

Mama Tangazo akalia, na hata kilio kikatoka pumzi. Mtaalamu akamwacha alie, asimharakishe.

"Uzi wa kushoto umebaki pembeni," akasema baadaye. "Wa kulia unaufuata, haufiki, na pumzi inavujia katikati. Hebu tuusogeze. Geuza uso kushoto. Zaidi. Sasa sema aa."

Ikatoka sauti. Nzito, ya kukwaruza, ngeni masikioni mwake, lakini sauti.

Jumapili simu ilipolia, alikuwa ameshaketi. Akageuza uso kushoto, ambako palikuwa na ukuta tu, akavuta pumzi.

"Haloo!"



"Samahani, naongea na nani?" mwanawe akauliza kwa adabu. "Naomba umpe mama simu."

Muda wote ule alitamani asikike tu. Sasa amesikika, na hakujulikana. Akashika ukingo wa meza, uso bado ukutani, akiogopa kuugeuza sauti isije ikamkimbia.

"Abiria wa kuelekea shuleni," akasema, "mnaombwa kuvaa viatu."



"Mama," mwanawe akasema, na safari hii yeye ndiye aliyenong'ona. "Kumbe tatizo halikuwa mtandao."