Mvua ya Uongo Iliyotoka Kwenye Simu Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usinihurumie kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Nilipomaliza kidato cha nne nikaanza kuzunguka: Tabora, Dodoma, Iringa, Njombe. Kila mahali nakaa kidogo, kisha miguu inawasha. Nikafika Songea, nikaendelea hadi Mbinga, nikavuna kahawa za watu kule Mpepai. Siku moja nikadandia lori la mahindi lililokuwa linateremka Ziwa Nyasa. Liliposimama Lipingo, nikasikia harufu ya dagaa wanaokauka juani. Kule wanawaita usipa. Harufu ni ile ile ya uani kwa mama yangu! Nikashuka na begi langu.

Alinipokea mjane mmoja, nitamwita Mama Otilia, kiongozi wa akina mama wanaoanika usipa. Alinipa chumba, akaniita mwanangu, nami nimeshapita miaka arobaini.

Ndipo ukaja mradi wa kutabiri mvua ya saa chache zijazo. Walitaka mtu aliyesoma kidogo, wakanichukua. Kazi yangu kila asubuhi ni kutazama juu, niigawe mbingu vipande vinane, niseme vingapi vimefunikwa, wingu ni la aina gani na kipimamvua kina kiasi gani, kisha nitume kwa simu. Binti aliyenifundisha alieleza kwamba kompyuta haiwezi kujua mvua ya mchana kama haijui wingu la asubuhi liko wapi. Setilaiti inaliona kutoka juu, lakini haina hakika kama mvua inafika chini, na kule kwetu rada hakuna.

"Inaanzia kwenye macho yako," aliniambia. "Ukiidanganya mwanzo, itawadanganya watu mwisho."

Jibu la kompyuta lilikwenda kwa Mama Otilia. Likiwa la mvua, alitundika kanga nyekundu kwenye mlingoti, na hakuna aliyeanika. Usipa wakinyeshewa wanaoza, kwa hiyo siku ya kanga waliuzwa wabichi, kwa bei ya kutupa. Zamani akina mama walikuwa wanatazama wenyewe mawingu ya mlima ulio nyuma ya kijiji. Mimi ndiye niliyewaambia waache. Nilivyojivuna!

Rafiki yangu alikuwa Benno, si jina lake la kweli, mnunuzi wa usipa. Tulikula sahani moja. Miguu ilipoanza kuwasha tena, nikawa naondoka alfajiri kutembea ufukweni nikiikumbuka Kigoma. Simu ya mradi nikamwachia yeye, pamoja na namba ya siri.

"Nenda tu, kaka," alisema. "Mawingu hata mimi nayaona."

Kanga ikawa inatundikwa mara kwa mara, na jua linawaka. Akina mama wakanung'unika. Mimi nikaitetea kompyuta, nikawaambia utabiri haukosi kukosea.

Hadi siku niliyopata lifti ya pikipiki nikafika Ngumbo, kijiji kingine cha ziwani. Mchana, jua kali, nikakuta chanja zimejaa usipa, na Benno yupo anawageuza. Nikamuuliza amewatoa wapi. Lipingo, akasema, leo kanga iko juu. Nikatazama mbingu. Haikuwa na wingu hata la kufutia jasho.

"Benno, asubuhi umetuma nini?"

Hakuacha kugeuza usipa. "Vipande vinane, wingu zito, mvua imeanza." Akacheka. "Mtazamaji ni wewe, kaka. Mimi nabonyeza tu."

Mtu niliyekula naye sahani moja, jamani!

Nilirudi nikamweleza Mama Otilia yote. Nilitaka amkasirikie Benno. Yeye aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo siku zote hizo, wewe hukutazama juu?"

Akaishusha kanga, akaikunja, akaingia ndani.

Watu wa mradi nao niliwaambia. Hawakuweza kutenganisha siku zangu na siku za Benno, basi wakafuta zote. Hata mvua iliyonilowesha mwilini, nimesimama na kipimamvua mkononi, kwao ikawa haikunyesha. Benno anaendelea kununua usipa. Nikipita mimi ndipo watu wananyamaza.

Nawe uliyekabidhiwa kutazama kitu kwa niaba ya wengine, usimwachie rafiki macho yako. Akikusaliti, utabaki unalia peke yako, kwa sababu walioumia watakuwa wanakulaumu wewe.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, niliamka nikatazama juu kwa mazoea. Wingu jeusi lilikuwa linajikusanya mlimani, vipande vitano kati ya vinane. Nikakimbilia ufukweni, begi begani.

"Mama, leo msianike. Wingu lile lina mvua."

Ndipo nikaona chanja ni tupu. Usipa walishafunikwa turubai.

"Tumeshaliona," alisema Mama Otilia. Akalitazama begi langu. "Safari njema, mgeni."