Eliona na Jina Lililouzwa Mara Mbili

Eliona alijulikana Moshi mjini kwa ubishi. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika huko Uru, kazi yake kuwatangazia wakulima bei ya kahawa. Wanunuzi binafsi walipomwagika mlimani, kila mmoja na mzani wake na uongo wake, chama kikadhoofu, na Eliona akajikuta nyumbani akipalilia kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Hakukaa kimya. Alianzisha karatasi moja, akaiita *Bei za Moshi*, akawa anaitoa fotokopi kila Jumamosi. Humo aliandika nini kimeuzwa na kwa bei gani: kahawa, ng'ombe, viwanja. Sharti lake lilikuwa moja. Bila kumsikia muuzaji na mnunuzi, haandiki.

Basi mwaka 2002 Primus, mwenye intaneti kafe karibu na stendi, akaja na habari iliyoutikisa mji. Alikuwa amesajili jina la tovuti, thelujiyetu, na sasa, alisema, kalipiga bei kwa Mswisi mmoja. Milioni arobaini.

"Umeuza tovuti?" Eliona aliuliza.

"Tovuti haipo. Nimeuza jina tu."

"Jina tupu?"

"Dada Eliona, dunia imebadilika. Andika."

"Nipe simu ya Mswisi."

Primus akatabasamu kama padri aliyeulizwa swali na mtoto wa komunyo. Mnunuzi hataki kujulikana, alisema. Akamwonyesha barua pepe ya Mswisi, imechapwa vizuri kabisa.

"Imechapwa na mashine yako hiyo hapo," Eliona akasema, "na wino wako ule ule unaoacha michirizi."

Hakuandika. Lakini habari haikumngoja. Ilipanda mpaka Uru na kushuka mpaka Pasua, na kila ilipolala iliamka imenenepa milioni kadhaa. Watu wakafurika kwa Primus kusajili majina: la ukoo, la duka, la timu ya mpira, hata la mama mkwe. Mwalimu mmoja mstaafu alisajili jina la jirani yake, akitumaini jirani atakuja kulinunua akipiga magoti. Primus alitoza ada ya usajili, ada ya kusubiri, na ada ya ushauri kwa wale waliouliza wanasubiri nini.

Eliona alijifunza kwamba majina hayo yana rejista, na yeyote anaweza kuitazama kwenye kompyuta. Akalipia dakika zake kafe nyingine, akatazama. Mmiliki wa thelujiyetu: Primus. Akamwuliza. "Uhamisho unachukua muda," Primus akajibu, jasho likimtoka asubuhi ya baridi. Wiki iliyofuata Eliona akatazama tena. Kweli, mmiliki amebadilika. Mswisi alikuwa anaitwa Wenseslaus, anakaa Pasua.

Wenseslaus alikuwa shemeji yake Primus, muuza viatu vya mitumba. Eliona alimkuta akizipaka raba kiwi.

"Kaka, umenunua jina kwa Primus kwa milioni arobaini?"

Wenseslaus akacheka mpaka akashika mbavu. "Milioni? Shemeji aliniomba jina langu litumike kidogo. Akaninunulia soda."

"Basi fahamu kwamba kwenye rejista lile jina ni lako."

Kicheko kikakatika. Wenseslaus akaweka brashi chini. "Langu kabisa?"

"Kabisa."

"Aisee," akasema polepole, "kumbe shemeji ana roho nzuri."

Primus alipokuja kudai jina lirudi, Wenseslaus alimjibu mbele ya wateja kwamba yeye amelinunua kwa milioni arobaini, mji mzima ni shahidi, na aliyetangaza ni Primus mwenyewe. Primus angesema nini? Akisema hakuuza, kafe yake inabaki tupu. Akisema aliuza, jina limekwenda. Akanunua pea ya viatu asivyovihitaji, akaondoka.

Haukupita muda, Mama Hilda, mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani, akalitaka jina lile. Wakapatana na Wenseslaus: laki moja na baiskeli. Eliona alimsikia muuzaji, akaenda kumsikia mnunuzi, akatazama rejista, akaiona baiskeli yenyewe. Jumamosi akaandika kwa herufi kubwa: JINA LIMEUZWA, LAKI MOJA NA BAISKELI, IMETHIBITISHWA.

Alitegemea shukrani. Badala yake asubuhi hiyo alikuta watu wamejaa mlangoni, wamekunja nyuso. Ameua soko, walisema. Ana wivu. Kahongwa na watu wa Arusha, wasiotaka Moshi iwapite kwa utajiri.

"Lakini ndiyo kweli," akasema.

"Kweli gani ya laki moja!" mama mmoja akamfokea. "Ile ya milioni arobaini ilikuwa na ubaya gani?"

Hilo lilimuuma Eliona kuliko kupoteza ukarani. Primus kwa upande wake hakudhurika hata ukucha. Alikwenda kueleza kwamba laki moja ni bei ya makosa ya watu wasiojua, akafungua darasa la kuwafundisha wanaojua, na baadaye akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata.

Ndipo mchana mmoja Mzee Ebenezeri wa Uru, aliyesajili majina manne, akaingia kwa Eliona na kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie kwamba jina langu moja limeuzwa, ili na yale matatu yapate wanunuzi."

"Kwa nani?"

"Kwa mama Eunike."

"Mkeo?"

"Ndiye."

"Amekubali?"

Mzee akaikunja kofia. "Bado ananifukuza jikoni."

Eliona akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Akamvutia mzee kiti, akammiminia chai, akamwambia hawezi kuandika. Mzee alikunywa, akakubali kwamba ni haki, akaomba sukari zaidi.