Mti mkavu wa Mashimoni umepona

Wapangaji wenzangu, hongereni. Mti wetu uliokufa umepona!

Asubuhi nilimwonyesha mwenye nyumba uyoga mgumu ulioota kwenye shina kama rafu.

"Mzee, huu unakula mbao. Ukitokeza nje, ndani kumeshaoza. Mti utaangukia chumba cha Mama Achieng'."

Alinisikiliza kwa makini. Shahada yangu hatimaye ina faida, nikajiambia.

Akarudi na panga.

Akabandua uyoga wote, akapaka shina chokaa.

"Haya, msomi. Ugonjwa uko wapi sasa?"

Majirani wakapiga makofi, isipokuwa Mama Achieng'.

"Wewe msomi, wacha kushangaa. Shika hii kitanda upande ule. Mtoto analala kwako."

Mwenye msumeno anijibu hapa, kabla ya mvua.