Mjane Aliyepaswa Kukataa Chapati

Kosa langu lilikuwa kupika. Ningewaachia wale wanafunzi kipande cha katoni kiwe chapati, kama tulivyofanya kwenye mazoezi yote, leo nisingekuwa na la kuungama.

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa Riruta, ni mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wake mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba kipindi cha maigizo cha Ijumaa ni kupoteza muda, na kama mwisho wa muhula hataona la maana, kitageuzwa kuwa cha hesabu. Akaja kwangu, kwa kuwa mimi sitoki nyumbani ila kwa dharura, na husoma riwaya zilizochanika majalada.

"Jirani, wewe si huwa umekaa tu? Nigeuzie kitabu kimoja kiwe mchezo wa nusu saa."

Elimu yangu iliishia kidato cha nne, lakini kiburi kiliendelea hadi chuo kikuu. Nikakubali.

Nilichagua riwaya ya kizamani kuhusu mjane wakati wa njaa. Tajiri anayetaka kumwoa anamletea chakula kila siku, naye anakataa kila siku, kwa kurasa mia tatu. Mimi nilimfanya akatae mara tatu tu, nikafuta shangazi zake wanne na mafuriko mawili. Viazi vitamu vya kitabuni nikavigeuza chapati, maana mtoto wa Nairobi akikataa kiazi, huo si ushujaa.

Siku ya onyesho nikaona katoni haina hadhi ya sanaa. Nikakanda unga, nikapika chapati nane, nikazifunga kwa taulo na kuzifikisha shuleni zikiwa moto.

"Hizo ni za ukweli?" jirani akauliza.

"Huo ni uhalisia, mwalimu."

"Ni saa saba kasoro. Hawa hawajala lunch."

"Mwigizaji hujizuia."

Mara ya kwanza mjane alikataa vizuri sana. Mara ya pili alikataa huku macho yakibaki kwenye sahani. Mara ya tatu tajiri akafunua taulo, mvuke ukapanda, na darasa zima likavuta pumzi.

"Pokea, mama. Watoto wako wanalala njaa."

Hapo mjane alitakiwa kugeuka na kwenda zake. Akachukua chapati. Akaikunja. Akauma.

Nilijifunika uso kwa karatasi zangu. Mwalimu mkuu, aliyekaa mstari wa mbele, akaangalia saa. Jirani hakuniangalia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Yule mvulana aliyeigiza tajiri, ambaye kwa mujibu wa maandishi yangu sasa alipaswa kulia kwa kukataliwa, akababaika, kisha akatoa macho: "Kwa hivyo umenikubali?"

Mjane akatafuna bila haraka, akajipangusa mafuta kwa ncha ya leso.

"Nimekubali chapati. Wewe bado."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alicheka hadi akavua miwani, na alipopata pumzi akasema kipindi kibaki palepale, hesabu itafutiwe siku nyingine. Mimi nilisimama huko nyuma, kichwa nimekiinamisha kwa unyenyekevu, tayari kupongezwa. Jirani akaja moja kwa moja, akanishika mkono.

"Kurasa kumi na mbili umeandika, jirani, na mstari wa maana umetungwa na mtoto akiwa na chakula mdomoni."