Dakika Hamsini kutoka Songea

Bora niungame mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanakwaya. Mama mkwe alipiga simu kutoka Songea kwamba Jumamosi anakuja kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Mimi, mjuaji wa Bulyaga hapa Tukuyu, nikatafuta kwenye simu umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Songea hadi wa Songwe, ule wa Mbeya. Jibu likaja: dakika hamsini angani. Sikuuliza zaidi. Jumamosi nikavaa suti ya harusi, nikakodi Noah, nikapakia wanakwaya sita na mkungu wa ndizi, tukaenda Songwe.

Tuliimba pale nje mpaka mlinzi akatufuata.

"Mnampokea nani, mzee?"

"Mama mkwe. Anakuja na ndege ya Songea."

"Ndege ya Songea kuja hapa haipo."

Nikamwonyesha simu. Akaisoma taratibu, hata hakucheka. "Hii imepima umbali tu, mzee wangu. Haijasema kuna ndege."

Simu ikaita, nikaipokea kwa spika, wote wakasikia.

"Mkwe," alisema mama mkwe huku akitafuna, "nililala Mbeya, nimeshuka basi hapa Tukuyu asubuhi. Ndizi zenu tamu! Sasa wewe umesafiri kwenda wapi?"