Ukuta wa Daktari wa Macho

Kwa miaka kumi na tisa aliandika mabango kwa brashi, na mtaa mzima uliendelea kumwita Brashi hata alipohamia kwenye kompyuta. Huko jambo lilimpata. Siku moja aliikuza herufi "g" mpaka ikajaza skrini, akaona kwamba si g tena: ni tumbo na mkia. Tangu hapo akawa mtu wa kukata herufi, kuzipindua, kuzilaza kifudifudi na kuzipandanisha hadi mama yao mzazi asingezitambua.

"Baba Mapacha," mkewe alimuuliza, "watu husoma ili waandike vinavyosomeka. Wewe ulisoma ili iweje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kompyuta ilikuwa imeteka meza ya kulia chakula, na familia ilikula sahani zikiwa mapajani. Ndiyo maana kazi ya daktari wa macho ilimnyima Brashi usingizi: apambe ukuta wa chumba cha kusubiri, na daktari akiridhika, apewe kuta za matawi mengine manne. Hapo angeweza kupanga chumba cha kazi, na meza ikarudi kwa wenyewe.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuubandika mchoro wake wa herufi, alikwenda kujibanza kwenye benchi kama mgonjwa, azisikie sifa kwa masikio yake.

Mshona nguo mmoja, mama wa makamo, aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Kisha akaziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Mzee wangu," alimnong'oneza jirani yake, mwashi mstaafu, "ile ya juu kabisa unaisoma?"

Mwashi akaziba jicho moja. Akabadilisha. Akayafumbua yote mawili. "Mwanangu, mimi hata hii kubwa kama mlango siijui ni nini."

Popote duniani, mkalishe mtu mzima kwa daktari wa macho mbele ya herufi, atageuka mwanafunzi ndani ya chumba cha mtihani. Dakika tano hazikupita, benchi zima likawa limeziba jicho. Mshona nguo akaanza kulia.

"Jana tu nimetunga uzi kwenye sindano! Jana!"

Daktari akatoka mbio. "Kuna msiba?"

"Tumepofuka, daktari," alisema mwashi. "Sote. Tuambie tu ukweli, shida tumezizoea."

Daktari alifuata vidole vyao hadi ukutani, halafu akamwona Brashi akijikunyata pembeni. "Wewe! Waeleze watu hawa, la sivyo uyabandue madude yako leo hii."

Brashi akasimama. "Jamani, hizo hazisomwi. Zinatazamwa tu. Ni maumbo."

"Yaani umeandika ili tusisome?" mwashi aliuliza. "Na kwenu walikupeleka shule?"

Benchi likaangua kicheko. Mshona nguo akafuta machozi, akautazama ukuta upya, safari hii kwa macho mawili. "Hebu ngoja. Lile jeusi si kwapa la gauni? Tena limekatwa vizuri."

"Kwapa gani, mama? Hilo ni tao la dirisha. Ila kulia fundi kapindisha."

"Mzee, tao lako lina mkono!"

Benchi likagawanyika, nusu upande wa gauni na nusu upande wa dirisha, na hakuna aliyekumbuka zamu yake. Daktari akalegea.

"Basi, mchoro ubaki. Lakini weka tangazo chini yake, nisije nikazikwa na kesi."

Brashi akaomba kompyuta ya mapokezi, akaandika kwa herufi nene, zilizonyooka, kama alivyoandika enzi za brashi: HII SI YA KUPIMIA MACHO. Akabandika.

Mwashi akalisoma akiwa mwisho kabisa wa benchi, kwa sauti, bila kukwama. Akachukua kofia yake.

"Kumbe naona! Sasa hapa nimefuata nini?"

Akatoka. Wawili wakamfuata.

Daktari aliutazama mlango mpaka ukajifunga, kisha akamgeukia Brashi.

"Matawi yote manne nakupa," alisema taratibu. "Ila hilo tangazo, herufi zake zipunguze. Punguza, punguza tena, mpaka atakayeweza kulisoma awe kweli hana haja na mimi."